Tamko la Wakazi wa Milimani, Nakuru, Kuhusu Fedha za Kufufua Miji

Sisi wakazi wa Milimani tuliojiunga katika chama chetu, baada ya kukutana na kutafakari mjadala wa muda mrefu kati ya serikali ya kitaifa, mabunge na serikali za kaunti juu ya nani agharimie miji iliyochoka, na kwa fedha zipi, tunatoa tamko hili kwa umma wa Nakuru na kwa mamlaka zote zinazohusika.

1. Nakuru ilikabidhiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 na Rais Uhuru Kenyatta, ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imehesabu watu 570,674 mjini. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji, ilivyorekebishwa mwaka huohuo, inataka watu 250,000 tu ili mji uitwe jiji. Hadhi hiyo basi haikuwa zawadi. Nakuru iliistahili mara mbili na zaidi. Chama kiliipokea kwa furaha na hata leo kinaithamini. Ila hati ilikuja na majukumu, na fungu halikufuata.

2. Mji huu ulitangazwa rasmi mwaka 1904, muda mfupi baada ya reli kufika, ukapandishwa kuwa manispaa mwaka 1952. Kwa miongo mingi ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, na mali ya mashamba ya mkoa mzima ilipitia hapa. KFA, chama cha wakulima kilichojulikana na kila mwenye ekari mbili, kilikuwa na makao yake mjini. Pareto ya nyanda za juu ilisindikwa hapa, nyakati ambazo Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Baadaye pareto ikaporomoka, KFA ikadhoofika, mikoa ikaondolewa katika mfumo mpya wa utawala mwaka 2013, na mwaka uliofuata Eveready ikafunga kiwanda chake cha betri. Ajira zilipungua lakini watu hawakuacha kuja. Hapo ndipo ugumu wa Nakuru ulipo. Nchi nyingine zikizungumzia miji iliyochoka huwa na picha ya mitaa mitupu na nyumba zilizohamwa. Mji wetu umechoka huku ukijaa.

3. Chama kinaomba umma utazame jambo moja kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mengine yote yanaonekana. Nakuru imejengwa mteremkoni. Juu kuna kreta ya Menengai, chini kuna ziwa, na tone la mvua linaloangukia paa la Milimani lina njia moja tu, ya kushuka. Mifereji ya kandokando ya barabara zetu ilichimbwa enzi ambazo kila nyumba ilikaa katika kiwanja kikubwa chenye bustani na miti. Viwanja hivyo sasa vinakatwa na kusimamishwa maghorofa, nyasi zimekuwa saruji, na mifereji ni ileile. Mvua ya masika ikinyesha kwa saa moja, maji hufurika toka kwetu, hukatiza katikati ya mji yakizoa mchanga, chupa na mifuko, hata yanapofika Bondeni, Kivumbini na Flamingo yamekuwa tope linaloingia vizingitini. Sehemu kubwa ya udongo wa mji huu ni majivu ya volkano. Maji yasiyoongozwa huuchimba kwa chini mpaka ardhi ikatumbukia. Mwisho wa safari ya maji hayo ni Ziwa Nakuru, eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 1990, na ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011 pamoja na Bogoria na Elementaita. Mitambo ya majitaka ya Old Town na Njoro nayo humwaga maji yake humohumo. Na ziwa lenyewe, katika miaka hii kumi na ushee, limepanda na kuwaondoa watu makwao upande wa Mwariki na Barut.

4. Kaunti hii inajua gharama ya mkondo wa maji ulioziba. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Mai Mahiu yalipasua njia na kufagia makazi ya watu waliolala. Makumi walikufa. Tangu usiku ule, chama hiki hakikubali kusikia mfereji ukitajwa kama kazi ndogo inayoweza kungoja bajeti ijayo.

5. Chini ya mteremko huohuo iko mitaa iliyojengwa na baraza la manispaa kabla ya uhuru kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika: vyumba kimojakimoja vilivyopangwa kwa safu, mabomba na vyoo vya kutumiwa pamoja. Ndani ya chumba kilichokusudiwa kibarua mmoja sasa wanalala baba, mama na watoto waliofikia umri wa kuoa. Serikali ya kitaifa imejenga nyumba 605 Bondeni chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu, ambao kwa sheria ya mwaka 2024 unagharimiwa na ushuru wa asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri kutoa kiasi kama hicho. Chama kinazikaribisha nyumba hizo. Kinasema tu kwamba nyumba mpya haziondoi haja ya bomba la majitaka, mfereji na barabara, huiongeza.

6. Umma unapaswa kukumbushwa kwamba mji haukukosa fungu la uhakika siku zote. Chini ya sheria ya mwaka 1998 iliyoanzisha hazina iliyojulikana kama LATF, asilimia 5 ya kodi ya mapato nchini ilitengwa kwa ajili ya mamlaka za mitaa, manispaa ya Nakuru ikiwamo. Mabaraza yale yalikuwa na aibu zake, na wazee miongoni mwetu wanazikumbuka vizuri. Chama hakitaki yarudi. Lakini asilimia 5 ile ilikuwa sheria. Karani wa mji aliweza kujua mwezi Julai, bila kumpigia mtu magoti, ni kiasi gani kingefika. Mabaraza yalipovunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, LATF ilizikwa pamoja nayo. Fedha zote zikaelekezwa katika Hazina ya Mapato ya Kaunti kwa mujibu wa Kifungu cha 207 cha Katiba, na mji ukageuka mmoja wa waombaji wanaosubiri mlangoni kwa kaunti.

7. Seneti ilipopitisha msingi wa tatu wa kugawa mapato kati ya kaunti, mwezi Septemba 2020, baada ya vikao vilivyovunjika mara kwa mara, iliweka kigezo cha huduma za mijini chenye uzito wa asilimia 5. Fedha hizo hazikufungwa kwa ajili ya miji. Zilikokotolewa kwa jina la mji na kutumika kama kaunti ilivyoona. Hata hivyo jina la mji lilikuwa limeandikwa. Katika msingi wa nne, ulioanza mwaka wa fedha 2025/26, vigezo ni idadi ya watu, mgao sawa, umaskini na ukubwa wa eneo. Mji haumo. Chama kinatambua kwamba idadi ya watu nayo huupa mji uzito, na kwamba maseneta walikuwa na kaunti 47 za kuridhisha. Bado kinauliza: kwa nini nchi inayotangaza majiji mapya, Eldoret likiwa la karibuni, Agosti 2024, ilifuta kigezo cha miji katika hesabu yake katika kipindi kilekile?

8. Mabishano ya kila mwaka kati ya mabunge mawili yameongeza uchungu. Kwa mwaka 2024/25 kaunti zilikuwa zimeahidiwa shilingi bilioni 400.1; baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, ilipendekezwa bilioni 380, na mwafaka ukapatikana kwenye bilioni 387.4. Mwaka uliofuata Bunge la Taifa lilisema bilioni 405.1, Seneti ikasema 465, wakakutana kwenye 415. Bilioni 10.5 za ushuru wa ukarabati wa barabara zikawa kesi kati ya wabunge na magavana. Chama hakichukui upande katika hesabu hizi. Kinaona tu kwamba katika meza zote hizo jiji halina kiti. Mgao unapochelewa, kaunti hulipa mishahara kwanza, na haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Kinachoahirishwa ni kazi ya kudumu, na sehemu kubwa ya kazi ya kudumu ya jiji imefukiwa chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna utepe wa kukata.

9. Pengo hilo limezibwa kwa mkopo. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa kusaidia miji, KUSP, uliofikia miji 59 katika kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje. Nakuru na Naivasha zilinufaika. Chama kinakiri wema wa mradi huo kwa dhati: ulizitaka kaunti ziunde bodi za miji na kuandika mipango, na pengine bila sharti hilo bodi hizo zingebaki kwenye karatasi hadi leo. Ukarabati wa Uwanja wa Afraha ulianza kwa fedha zake. Uwanja ni fahari ya mji na chama hakiudharau. Lakini ruzuku yenye masharti na yenye tarehe ya kwisha hutufundisha kuchagua kinachoweza kupigwa picha kabla ya mradi kufungwa. Deni lake litalipwa na watoto ambao bado wanavuka tope kwenda shule, ilhali Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema kwamba mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi kilichopo na vijavyo.

10. Mataifa mengine yamepita hapa kabla yetu. Uingereza ilitenga pauni bilioni 4.8 katika hazina iliyoitwa Levelling Up na kuyataka mabaraza yashindane kwa maombi. Mabaraza mengi, yakiwamo yaliyokuwa hoi, yalitumia fedha na watumishi wake kuandaa maombi yaliyokataliwa. Ujerumani, tangu mwaka 1971, ina utaratibu ambao serikali kuu, jimbo na mji kwa kawaida huchangia theluthi moja kila mmoja. Sisi si Ujerumani na hazina yetu si yao. Kanuni ndiyo tunayoitazama: kila mkono unajua unachotoa kabla ya kazi kuanza, na mji nao hutoa chake.

11. Kutokana na hayo, msimamo wa chama ni huu. Kufufua jiji ni wajibu wa kudumu wa dola, na wajibu wa kudumu hauendeshwi kwa fadhila za msimu. Kifungu cha 184 cha Katiba kiliamuru Bunge litunge sheria ya uongozi na usimamizi wa miji na majiji. Sheria ilitungwa, bodi zikaundwa, hati zikatolewa. Kumpa mtu wajibu na kumnyima uwezo wa kuutimiza si utawala. Bodi ya Jiji isiyojua mapato yake ya mwaka ujao haiwezi kuulizwa kwa haki kwa nini mfereji haukuchimbwa, na mwananchi asiye na wa kumuuliza amenyang'anywa kitu kikubwa kuliko mfereji.

12. Wapo wanaosema kwamba kaunti ni moja, na kwamba shilingi inayotengewa jiji imenyang'anywa mkulima wa Kuresoi, Molo au Subukia. Hoja hii inastahili jibu la heshima. Mkulima wa viazi wa Kuresoi huleta gunia lake Nakuru. Lori lake likikwama kwenye matope ya barabara za mji, hasara ni yake kabla ya kuwa ya mwenye duka. Binti yake akiugua sana hupelekwa hospitali kuu ya hapa, na akifaulu huja kupanga chumba hapa. Jiji linabeba watu wa kaunti nzima, mchana kutwa, wengi wao hawamo katika ile hesabu ya 570,674.

13. Wapo pia watakaouliza Milimani ina haki gani ya kuzungumzia Kivumbini. Huu ni mtaa wenye lami, uzio na vivuli vya miti, na hatuoni sababu ya kuuelezea kwa namna nyingine. Tunazungumza kwa sababu maji yanayoingia nyumba za Kivumbini yametoka kwetu, na kwa sababu sisi ni wamiliki wanaolipa kodi ya ardhi, wenye haki ya kujua inakokwenda. Chama kinatamka wazi kwamba hakidai fedha zinazokusanywa Milimani zibaki Milimani. Jiji ambalo kila mtaa unajilinda kwa mfuko wake limekwisha kuvunjika, hata kama kuta zake zinapendeza.

14. Chama, kwa hiyo, kinazitaka mamlaka husika zifanye yafuatayo.

(a) Seneti, ikishauriana na Tume ya Ugavi wa Mapato, irudishe kigezo cha huduma za mijini katika msingi ujao wa ugavi. Kwa kuwa msingi wa sasa unadumu miaka mitano, Bunge lisingoje. Litenge ruzuku maalumu ya miji kutoka mapato ya nchi yenyewe katika sheria ya kila mwaka ya mgao wa ziada kwa kaunti, ili mikopo iwe nyongeza na isiwe tegemeo.

(b) Bunge la Kaunti ya Nakuru litunge sheria itakayolazimu kwamba angalau nusu ya mapato yanayokusanywa ndani ya mipaka ya jiji, yaani kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho na ada za masoko, itengewe Bodi ya Jiji katika kila bajeti. Anayeuza mboga Top Market na kulipa ada kila asubuhi ana haki ya kuona choo cha soko kikifanya kazi kwa fedha hiyo. Chama kiko tayari kujadili namna ya kuifikia nusu hiyo hatua kwa hatua. Hakiko tayari kujadili kama iwepo.

(c) Serikali ya kitaifa ichangie kwa ardhi inayoimiliki. Ikulu ya Nakuru, ofisi na nyumba nyingi za serikali ziko katika mitaa hii, zinatumia barabara na mifereji ileile. Sheria ya Kitaifa ya mwaka 2024 kuhusu kodi za ardhi imeweka njia ya kulitekeleza hilo, na chama kinatarajia serikali iwe mlipaji wa mfano.

(d) Kazi ianze chini ya ardhi: mifereji ya mvua kutoka Menengai hadi ziwani ikipangwa kama mkondo mmoja, kisha majitaka, halafu masoko na mitaa ya zamani. Mitaa hiyo isibomolewe kabla ya kila mpangaji kupewa hati inayomhakikishia kurudi, kwa kodi anayoimudu.

(e) Kila mkataba wa kazi za kufufua jiji, pamoja na kila mkopo na masharti yake, uchapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za wodi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na taarifa iliyofungiwa kabatini haijapatikana.

15. Chama nacho kimejifunga. Mkutano umeazimia kwamba wanachama wanaojenga upya viwanja vyao wataacha sehemu ya udongo wazi na kuweka matangi au mashimo ya kunyonya maji ya paa, wala hawataelekeza maji yao barabarani. Tumeazimia pia kutopinga uthamini mpya wa ardhi utakaofanywa kwa haki na uwazi, hata ukipandisha kodi zetu. Tunaodai jiji lipewe fungu hatuwezi kukwepa kulichangia.

16. Chama kimeiagiza Kamati Tendaji iandae ombi rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 37 cha Katiba na kuliwasilisha katika Seneti na katika Bunge la Kaunti, na iombe kikao na Bodi ya Jiji na Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Endapo ombi hilo halitajibiwa kwa maandishi ndani ya muda wa haki, chama kitatafuta tafsiri ya Mahakama juu ya wajibu wa serikali kwa miji iliyoipa hati. Hatulitamki hili kama tishio. Mahakama ni mlango uliowekwa na Katiba, na kuubisha ni haki ya kila raia.

17. Kwa wakazi wa Bondeni, Kivumbini, Flamingo, Kaloleni, Langa Langa, Rhonda, Kaptembwo, London, Section 58 na mitaa mingine yote: waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo, vikao vya kukusanya maoni huitishwa katika wodi. Chama kinawaomba wakazi wahudhurie, waulize fungu la jiji limeandikwa ukurasa gani, na wasitoke ukumbini kabla ya kuonyeshwa.

Limetolewa Milimani, Nakuru, na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.